Miaka 21 ubaoni, na kijana wa mwaka wa pili amenitikisa

Shikamoo Mwalimu,

Naomba jina langu lisitokee, maana hapa shuleni hakuna anayejua yaliyo moyoni mwangu.

Nimefundisha hisabati kwa miaka 21. Muhula huu mwalimu mkuu alinikabidhi kijana mmoja aliye katika mwaka wake wa pili kazini. Nimlee kikazi: nimtembelee darasani, nimwelekeze, na mwisho wa muhula niandike taarifa yake. Sikuona shida. Mimi ndiye ninayeitwa darasa likishindikana kwa kelele. Nikisimama mlangoni tu, zinakatika.

Jumanne niliingia kwenye kipindi chake, nikakaa dawati la nyuma kabisa. Somo lilikuwa kulinganisha sehemu. Aliandika 1/3 na 1/8 ubaoni, akauliza ipi kubwa. Kabla mtoto wa mbele hajafungua mdomo nilishajua atasema nini: moja ya nane ndiyo kubwa, kwa sababu nane inaizidi tatu. Akasema hivyo hivyo. Ningekuwa mimi ningemsahihisha palepale tukasonga mbele. Mwenzangu alinyamaza. Alinyamaza mpaka nikaanza kuona aibu kwa niaba yake. Kisha akasema, "Hebu tuone," akatoa karatasi mbili za ukubwa mmoja, akaanza kukunja. Ya nane ilimtii. Ya tatu ilimshinda. Vipande havikulingana, watoto wakacheka, chaki ikamdondoka. Msichana mmoja akainuka bila kuitwa, akaichukua ile karatasi, akaikunja kama mtu anayekunja barua, ikatoka sawa. Basi darasa likawaka. Kila mtu anataka kusema. Wakati huo wawili wa upande wa dirishani walikuwa wanapitishiana kitu chini ya dawati, na yeye hakuwaona kabisa. Mwishoni akawatupia 3/8 na 1/3. Walibishana mpaka kengele ikalia, swali halijaisha, na zoezi lililo kwenye andalio lake la somo halikuguswa.

Baadaye nilimkuta ofisini peke yake, mikono inamtetemeka. Akaniambia, "Madamu, sidhani kama kazi hii ni yangu. Wewe unaingia darasani kama mtu anayeingia sebuleni kwake." Nikamwambia asijali, atazoea.

Kesho yake nilikuwa na somo lilelile kwenye mkondo wangu. Nina kanuni ambayo nimekuwa nikiiandika ndani ya kisanduku chekundu tangu nianze kazi: asili (namba ya chini) ikikua, sehemu hupungua. Wanainakili, tunaikariri, tunafanya mifano mitano, tunamaliza na dakika zinabaki. Safari hii, sijui shetani gani alinituma, nikaandika 3/8 na 1/3. Ipi kubwa? Darasa zima likaitikia kwa sauti moja: moja ya tatu! Nikauliza kwa nini. Wakanisomea kisanduku changu.

Mwalimu, nilifuta ubao nikawapa zoezi jingine. Mpaka leo sijawaambia kwamba walikosa.

Sasa nitamwelekeza nini yule kijana? Nimewaza nimwambie mwalimu mkuu amtafutie mtu mwingine. Nimewaza nilitupe daftari langu la maandalizi nianze upya. Siku hizi nikiingia darasani najiona mgeni. Miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?

Mwenye Kisanduku Chekundu

---

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Kabla hatujafika kwako, rudi kwa watoto. Kipindi kijacho andika tena 3/8 na 1/3, uwaambie kwamba kisanduku kilikuwa na upungufu na aliyekiandika ni wewe. Kanuni ile ni kweli pale tu kiasi cha juu kinapolingana. Hilo unalijua miaka yote, hukuliandika tu. Na hapa usitegemee karatasi, maana karatasi haitawaonyesha vizuri. Ukizipeleka kwenye asili moja unapata 9/24 na 8/24, tofauti ya kipande kimoja katika 24, na mkunjo usio sawa kidogo tu unaweza kukificha. Kwa hiyo watalazimika kuhesabu, na hapo ndipo utakapopata sababu ya kufundisha asili za pamoja ambayo hukuwahi kuwa nayo: safari hii watakuwa wanaihitaji. Lifanye wiki hii. Makosa ya mwalimu yakilala muda mrefu kwenye daftari za wanafunzi hugeuka kuwa elimu.

Sasa tuje kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimsoma mtu aliyevunjika moyo. Mara ya pili nikaona kwamba huyu mtu amesimulia dakika 40 za darasa la mwenzake kwa namna ambayo mgeni wa kazi hii hawezi. Ulijua mtoto atakosea wapi kabla hajasema. Uliwaona wawili wa dirishani huku unamtazama msichana na karatasi. Ukayaandika yote mawili kama mambo ya kupita tu, na ukanisubiri nikuhukumu kwa yale mengine.

Hayo si madogo hata kidogo. Kujua kwamba mtoto ataona 1/8 ni kubwa kwa sababu 8 inaizidi 3 si hisabati tu. Mhandisi mzuri anaijua hisabati kuliko wewe na mimi, lakini kosa hilo lingemkuta hana habari. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba mwalimu ana maarifa ya aina yake, yanayokaa katikati ya kulijua somo na kujua kulifundisha: ni wapi somo hili huwakwaza wanafunzi, ni mfano gani unawafungua macho. Maarifa hayo hayapatikani chuoni kwa wingi. Yanapatikana kwa kusahihisha madaftari elfu na elfu, na wewe umeyasahihisha. Kuhusu wale wawili wa dirishani, Jacob Kounin alichapisha mwaka 1970 matokeo ya utafiti wake juu ya nidhamu ya darasa. Alitarajia kukuta siri iko katika namna walimu wanavyokemea. Akakuta kukemea kwenyewe hakutofautishi sana darasa tulivu na darasa la vurugu. Kilichotofautisha ni mwalimu kuwa na macho kila kona, na wanafunzi kujua kwamba anayo. Ndiyo maana kelele zinakatika ukisimama mlangoni. Wewe unadhani ni sauti yako au sura yako. Hapana, wanajua unaona.

Kwa hiyo swali lako la mwisho lina jibu: miaka yote hii ulikuwa unajifunza kuona. Lakini hilo ni nusu tu, na nusu ya pili haitakupendeza.

Yule kijana anatetemeka na darasa lake linafikiri. Wewe hutetemeki na darasa lako linakariri. Umeshangaa kwa sababu ulidhani kujiamini na ufundi ni kitu kimoja, kikikua hiki na kile kinakua. Sivyo. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya jambo hili tangu 1977, alisema imani ya mtu juu ya uwezo wake inatoka sehemu nne: kufanikiwa yeye mwenyewe, kumwona mtu mfano wake akifanikiwa, kuambiwa na mtu anayemwamini, na namna anavyousoma mwili wake, moyo unapodunda na mikono inapotetemeka. Iliyo na nguvu kuliko zote ni ya kwanza. Sasa jiulize, kwa miaka 21, wewe mafanikio umekuwa ukiyahesabu kwa kipimo gani? Umenijibu mwenyewe kwenye barua: kelele zinakatika, tunamaliza, dakika zinabaki. Kila siku uliyotoka darasani kukiwa kimya na andalio limekwisha, uliweka jiwe moja juu ya jingine. Jengo limesimama kweli, silidharau. Ila halikujengwa juu ya swali la kwamba mtoto ameelewa nini. Jumatano ndiyo siku ya kwanza uliyoliuliza, na ndiyo maana jengo zima likatikisika kwa swali moja la sehemu.

Watu hupenda kutupamba sisi wakongwe, kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Ni kweli. Lakini ukoko nao ni kile kilichoganda chini.

Sikucheki. Nilifundisha miaka 34, na mwaka wangu wa 17 niliweka redio ya kaseti mezani nikajirekodi kipindi kimoja, kwa sababu ya ubishi tu na mwenzangu. Jioni nikasikiliza. Nilikuwa nimeuliza maswali kumi na moja, na manane niliyajibu mwenyewe. Niliuliza, nikavuta pumzi, nikajibu. Nikauliza "mmeelewa?", wakaitikia "ndiyoo", nikashukuru. Nilizima redio kabla haijafika mwisho. Baadaye ndipo nilipokuja kusoma kazi ya Mary Budd Rowe wa Marekani, aliyechapisha mwaka 1974 matokeo ya kusikiliza kanda nyingi za vipindi: walimu, kwa wastani, walingoja kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Walipofundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliosema bila kutajwa waliongezeka, na wale wa "sijui" wakapungua. Sekunde 3! Ule ukimya wa kijana wako uliokutia aibu, nakuhakikishia haukufika hata sekunde kumi. Ulimwona kama mtu aliyesahau somo. Pengine kweli alikuwa hajui aseme nini. Lakini darasa lilipata nafasi ya kufikiri, na lilifikiri.

Umeuliza pia, bila kuuliza, kama ni wewe tu. Hapana. Robert Klassen na Ming Ming Chiu walichapisha mwaka 2010 utafiti wa walimu 1,430 wa Canada. Waliona kujiamini kwa mwalimu kunapanda tangu anapoanza, kunafika kileleni karibu na mwaka wa 23, kisha kunashuka. Wewe uko 21. Usiichukue namba hiyo kama saa ya ukutani inayokusubiri, kwa sababu utafiti ule uliwapima walimu wa umri mbalimbali kwa wakati mmoja, haukumfuata mtu mmoja miaka yote. Na wapo wanaoingia ukongwe wakiwa wachangamfu kuliko walivyoanza. Michael Huberman, aliyewahoji walimu wapatao 160 wa sekondari nchini Uswisi katika miaka ya 1980, alikuta hivyohivyo: kati ya mwaka wa 7 na wa 18 wengine hufanya majaribio na wengine huanza kujihoji, na mbele ya hapo kuna wanaotulia kwa amani na kuna wanaogeuka kuwa walalamishi wa "watoto wa siku hizi". Njia hugawanyika. Anayejihoji hajaharibikiwa.

Basi, daftari usilitupe. Hilo nakukataza kabisa. Mle ndani kuna mpangilio wa mifano ulioujaribu kwa watoto mamia. Chukua somo moja tu kwa mwezi, lile unaloweza kulifundisha ukiwa umesinzia, na mahali penye kisanduku weka swali ambalo kanuni yako hailiwezi. Liweke mwanzo wa kipindi, wakati bado mna nguvu wote. Halafu jirekodi kwa simu, sauti tu, uzihesabu sekunde unazongoja. Usihesabu kingine. Ukitaka kurekebisha kila kitu kwa mkupuo mmoja utarudi kwenye kisanduku kabla ya mwezi kwisha, nimewaona wengi.

Na jiandae: kujiamini kwako kutashuka kwanza. Darasa lililozoea kuitikia likiulizwa "kwa nini" litakutazama kama umeugua. Kutakuwa na kelele. Mwenzako atachungulia mlangoni kuona kulikoni, na wewe ndiye uliyekuwa ukichungulia kwa wengine. Huko kujiona mgeni unakokusema, mimi nakuona ni kuzuri zaidi ya unavyodhani, mradi usikukimbie.

Sasa kijana. Ulimwambia asijali, atazoea. Ulikuwa na nia njema, lakini neno hilo halimsaidii mtu wa mwaka wa pili, na tena linatisha: atazoea nini? Kisanduku? Frances Fuller aliandika mwaka 1969 kwamba mwalimu mpya huanza na wasiwasi juu yake mwenyewe, wananionaje, nitaliweza darasa. Wasiwasi juu ya kama wanafunzi wanajifunza huja baadaye. Na Simon Veenman wa Uholanzi, alipokusanya tafiti 83 mwaka 1984, alikuta tatizo linalotajwa zaidi na walimu wapya ni nidhamu ya darasa. Kijana wako alipoanza kutetemeka hakuwa akifikiria msichana na karatasi. Alikuwa akifikiria vicheko, chaki iliyodondoka, na wewe uliyekaa nyuma na kalamu. Mikono yake aliisoma kama hukumu. Hakuna aliyemwambia kwamba dakika ile ya aibu ndiyo iliyozaa somo.

Mwambie wewe. Lakini si "umefanya vizuri", maneno hayo yanapita masikio kama upepo. Mwambie hivi: mtoto aliposema moja ya nane hukumkata, ulingoja, karatasi ilipokushinda ulimwachia msichana aikunje, kuanzia hapo nilihesabu watoto kadhaa waliosema bila kuitwa. Mtu hawezi kuyakataa mambo aliyoyafanya. Halafu mwonyeshe kasoro, nayo kwa namna hiyohiyo: ulipokunja karatasi uso wako ulikuwa ubaoni, wawili wa dirishani walikuwa kwenye shughuli zao, siku nyingine simama pembeni, kunja ukiwatazama. Na ukitaka zoezi lifikiwe, acha dakika kumi za mwisho kabla kengele haijakushika. Hayo mawili unaweza kumfundisha wiki hii na yakamshika.

Kisha mfungulie kisanduku. Najua hapa utasita. Lakini fikiria: yeye anakuona ukiingia sebuleni kwako, anaona daraja kati yenu halipandiki, anaamua kazi si yake. Kumwona mkamilifu hakumjengi mtu. Kumjenga ni kumwona mtu anayemheshimu akikwama kama yeye, halafu akajikwamua. Megan Tschannen-Moran na Anita Woolfolk Hoy walionyesha mwaka 2007 kwamba kujiamini kwa mwalimu mpya kunaegemea sana vifaa alivyonavyo na msaada wa walio karibu naye, kuliko ilivyo kwa mkongwe ambaye ameshajiwekea akiba ya siku zake nzuri. Yeye akiba hana bado. Wewe ndiye akiba yake kwa sasa. Kumkabidhi kwa mtu mwingine ni kumwambia kwamba hata Madamu amemkimbia.

Ile taarifa ya mwisho wa muhula ndiyo inayonikera mimi kuliko kisanduku chako. Mtu mmoja hawezi kuwa mlezi na hakimu wa mtu yuleyule. Nani atakuonyesha kosa lake akijua Ijumaa utaliandika? Nenda kwa mwalimu mkuu, umwombe kazi hizo mbili azitenganishe: wewe ulee, mwingine apime. Akikataa, basi kijana aisome taarifa kabla haijatoka mkononi mwako, na aongeze la kwake. Ukihitaji hoja ya kumpa mkuu, mwambie kuhusu Matthew Kraft na John Papay: mwaka 2014 walionyesha, kwa takwimu za shule za Marekani, kwamba katika miaka 10 ya kazi walimu walio kwenye shule zenye ushirikiano na uongozi mzuri waliendelea kuimarika kuliko wenzao wenye miaka ileile katika shule zisizo na hayo. Miaka ni ileile, shule ndiyo tofauti. Wakuu wa shule hupenda kusikia kwamba jambo fulani liko mikononi mwao.

Jambo la mwisho. Ukipanga kurudia 3/8 na 1/3, mwalike kijana aje akae dawati la nyuma kabisa, palepale ulipokaa wewe. Mpe kalamu. Kazi yake iwe moja, kuhesabu sekunde. Akitoka hapo akakuambia ulingoja mbili tu, usijitetee.

Halafu niandikie tena. Nataka kujua walikuwa wanapitishiana nini wale wawili.